Hamu ya Mlo wa Uingereza Ukiwa Mbali: Kipi Upike, Kipi Ubadilishe, Kipi Ununue

Mtu aliyekaa Leicester au Glasgow miaka kumi akahamia Nairobi, Muscat au Minneapolis huanza kwa kutafuta pakiti. Anataka kopo lilelile, chupa ileile, na akikuta bei yake dukani anakata tamaa. Njia hiyo ni ya gharama, na mara nyingi haihitajiki. Andika kwenye karatasi vyakula vyote unavyovikumbuka, kisha mbele ya kila kimoja andika kinachokosekana hasa. Utaona orodha ndefu inaishia kwenye vitu vichache: unga unaoumuka wenyewe, krimu nzito, shira ya dhahabu ambayo Waingereza huiita golden syrup, shahamu ya figo, sosi ya kahawia na siki ya shayiri. Vyote hivi ama unaweza kuvitengeneza jikoni kwako, ama vina mbadala unaokaribia sana. Vinavyobaki ndivyo vya kuagiza.

Kwanza vipimo, maana hapo ndipo wengi huharibu

Painti ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani ni 473. Ukichukua mapishi ya Kiingereza ukapima kwa jagi la Kimarekani, rojo lako litakuwa zito na hutajua sababu. Aunsi moja ya uzito ni gramu 28. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha mezani 15. Nunua mizani ya jikoni inayopima gramu mojamoja, kwa sababu mapishi ya Uingereza hupima unga na sukari kwa uzito, na kikombe kimoja cha unga hubadilika kulingana na mkono wa anayejaza.

Mapishi ya zamani hutaja namba ya gesi badala ya nyuzi. Namba 4 ni nyuzi 180 za sentigredi, namba 6 ni 200, namba 7 ni 220. Oveni yenye feni ipunguzie nyuzi 20.

Jambo ambalo vitabu vya Uingereza havikuambii ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 tu. Pudini ya kupika kwa mvuke iongezee robo ya muda wake. Keki huumuka haraka kisha zikashuka katikati, kwa hiyo punguza beking pauda kwa robo na uongeze moto wa oveni kidogo. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hazina shida hiyo, ila zina unyevu wa hewa, na unyevu huo utautambua kwenye unga.

Unga unaoumuka wenyewe, na skonzi za Kiingereza

Unga huu, uliochanganywa tayari na kiumulishi, ulipata hataza mwaka 1845 kwa Henry Jones wa Bristol. Kuutengeneza ni rahisi: gramu 150 za unga wa ngano mweupe wa kawaida, vijiko 2 vya chai vya beking pauda vilivyosawazishwa, chembe ya chumvi. Chekecha mara tatu. Ukichekecha mara moja tu, pauda hukusanyika sehemu moja na keki hutoka na madoa ya kahawia yenye uchungu.

Changanya kiasi cha siku hiyo tu. Pwani, unga uliochanganywa ukakaa kabatini hunyonya unyevu, pauda ikaanza kazi yake humohumo kwenye mfuko, na siku ya kuoka haina nguvu tena. Kupima pauda yako, tia nusu kijiko cha chai kwenye maji ya moto. Isipotoa povu papo hapo, itupe.

Skonzi za Kiingereza si zile za hamira zinazouzwa kwetu, laini kama mkate wa maziwa. Hizi haziumuliwi kwa hamira na hazikandwi. Utahitaji gramu 225 za unga ulioutengeneza, gramu 55 za siagi baridi, gramu 25 za sukari, chumvi kidogo na mililita 150 za maziwa.

1. Washa oveni nyuzi 220 na uweke trei humo ndani ipate moto.
2. Sugua siagi kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka ufanane na makombo ya mkate. Kama jikoni ni joto, weka bakuli na siagi kwenye friji dakika 20 kabla ya kuanza. Siagi ikiyeyuka mapema, skonzi hutoka nzito.
3. Tia sukari, kisha mimina maziwa yote kwa mara moja na ukoroge kwa kisu cha meza. Acha mara tu donge linaposhikana, hata kama linaonekana na mabonde. Kukanda kunaamsha ule mvutano unaoutaka kwenye chapati, na hapa hutaki.
4. Bonyeza kwa kiganja mpaka unene wa sentimita 2.5. Usiteremke chini ya hapo.
5. Kata kwa kikato chenye makali ukishusha wima. Ukikizungusha, unaziba kingo na skonzi huumuka upande mmoja.
6. Panga kwenye trei ya moto, paka maziwa juu tu, oka dakika 12 hadi 15.

Huliwa siku hiyohiyo, kwa jamu na krimu nzito. Watu wa Devon hutanguliza krimu, wa Cornwall hutanguliza jamu. Kama unamkaribisha mgeni wa huko, muulize ametoka wapi kabla ya kumpakia.

Krimu

Tatizo la krimu ni asilimia ya mafuta. Krimu nzito ya Uingereza ina mafuta kama asilimia 48. Ile nzito ya Marekani huanzia asilimia 36, na za boksi zinazokaa bila friji mara nyingi huwa karibu na 35. Kwa kupiga hadi isimame, 35 inatosha ikiwa krimu, bakuli na mchapo vyote ni baridi. Kwa kumimina juu ya pudini, nyembamba itakulisha lakini haitakuwa ile.

Krimu ya Cornwall, ile nzito yenye ganda la rangi ya siagi, inalindwa kisheria kwa jina na eneo, na lazima iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 55. Nyumbani hufanywa hivi. Chukua krimu isiyopitishwa kwenye joto kali la kuhifadhia, mimina kwenye chombo kipana cha oveni kina chake kifike sentimita 4 hivi, ingiza bila kufunika kwenye nyuzi 80, na uiache saa 12. Usikoroge. Toa, acha ipoe, weka kwenye friji saa 8 au zaidi bila kuitikisa. Kisha chota tabaka la juu kwa kijiko kipana. Ganda la manjano lenye mikunjo si kasoro, ndilo lenyewe. Maji meupe yanayobaki chini yatumie badala ya maziwa kwenye skonzi.

Isipoganda, sababu karibu kila mara ni krimu ya boksi iliyochemshwa kwa joto kali sana kiwandani. Hiyo hata uipe siku nzima haitatoa tabaka. Sababu ya pili ni oveni inayozidi nyuzi 90, krimu ikachemka na mafuta yakatengana.

Anayepata maziwa mabichi ya ng'ombe ana njia ya mkato ambayo bibi zetu wa pwani na majirani wa Kihindi wanaijua: malai. Pasha lita 2 za maziwa kwenye sufuria pana mpaka yakaribie kuchemka, shusha moto uwe mdogo kabisa kwa saa moja, zima, yapoe, yalaze kwenye friji, asubuhi uenguwe malai. Utapata kidogo, lakini ladha ile ya maziwa yaliyokaa motoni ipo. Aliyeko Ghuba aulize geymar ya Kiiraki kwenye maduka ya maziwa. Kwa skonzi, hakuna mbadala wa dukani unaoikaribia zaidi.

Shira ya dhahabu

Kopo la kijani na dhahabu la Lyle's lilitoka London katika miaka ya 1880, kutokana na mabaki ya kusafisha sukari. Ladha yake ina vitu viwili: utamu wa miwa na uchungu mdogo sana wa sukari iliyoungua. Ukichemsha sukari na maji tu, utapata shira ya kaimati. Nzuri, lakini siyo hii.

Weka gramu 100 za sukari na vijiko 3 vya mezani vya maji kwenye sufuria nzito. Pika bila kukoroga mpaka rangi iwe ya chai ya rangi iliyokolea. Ikifika nyekundu ya matofali umechelewa, anza upya. Papo hapo mimina mililita 300 za maji yanayochemka, ukisimama mbali, maana yataruka kwa nguvu na kuunguza mkono. Sukari ikishayeyuka tena, ongeza gramu 500 za sukari nyeupe na vipande 2 vinene vya limau pamoja na ganda lake. Shusha moto mpaka uone mapovu madogo tu, na uiache dakika 40 hadi 45. Dondosha tone kwenye sahani baridi: likitambaa polepole kama asali, imeiva. Mwenye kipimajoto aitoe kwenye nyuzi 110 hivi. Ondoa limau, mimina kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa.

Limau si la harufu. Asidi yake inavunja sukari katika aina mbili ndogo zinazozuiana kuganda. Aliyewahi kupika visheti anajua shira inavyogeuka nyeupe na kushika, na kwenye visheti hicho ndicho unachokitafuta. Hapa ni kinyume. Kwa hiyo usikoroge baada ya kutia sukari ya pili, na punje zinazoshika kando ya sufuria zifute kwa brashi yenye maji. Ikiganda baada ya wiki, irudishe motoni na kijiko cha maji na matone ya limau. Ikiwa ngumu mno, punguza kwa maji ya moto, kijiko kimojakimoja.

Ukiwa na chupa hii, flapjack za Kiingereza ni kazi ya nusu saa: yeyusha gramu 125 za siagi, gramu 125 za sukari ya kahawia na vijiko 3 vya mezani vya shira, changanya na gramu 250 za oti, bonyeza kwenye trei, oka nyuzi 180 dakika 20 hadi 25. Kata zikiwa bado vuguvugu, lakini zitoe kwenye trei zikishapoa kabisa, la sivyo zitamong'onyoka. Aliyeko Marekani atambue kwamba huko jina hilo ni la chapati za maji.

Sosi ya kahawia, ambayo malighafi yake ni ya kwetu

Hapa ndipo mpishi wa pwani ana faida kuliko Mwingereza mwenyewe. HP Sauce, chupa yenye picha ya majengo ya Bunge la London, ilisajiliwa mwaka 1895 na Frederick Gibson Garton, muuza vyakula wa Nottingham. Soma maandishi ya nyuma: nyanya, siki, molasi, tende, ukwaju, viungo. Ukwaju na tende! Tangu 2007 haitengenezwi tena Uingereza, kiwanda kilihamia Uholanzi. Kwa hiyo hakuna sababu ya kulipa bei ya chupa iliyosafirishwa mbali wakati soko la Kariakoo au Marikiti lina kila kitu kilichomo.

Kwa chupa mbili hivi:

- ukwaju gramu 60, ukiwa na kokwa zake, uliolowekwa kwenye mililita 200 za maji ya moto
- tende gramu 120, bila kokwa
- nyanya zilizoiva gramu 400
- tufaha 2 na kitunguu maji 1, vyote vimekatwakatwa
- siki mililita 300
- sukari guru gramu 80, ile nyeusi zaidi utakayoipata
- chumvi vijiko 2 vya chai
- tangawizi ya unga na haradali ya unga, kijiko 1 cha chai kila kimoja
- mdalasini na pilipili manga, nusu kijiko kila kimoja
- karafuu, kungumanga na pilipili ya kuwasha, robo kijiko kila kimoja

Usitumie sufuria ya alumini. Siki na ukwaju huila, na sosi hupata ladha ya bati. Tumia ya stili au ya enameli isiyobanduka. Kamua ukwaju, chuja, tia juisi yake sufuriani pamoja na kila kitu isipokuwa sukari guru. Pika kwa moto mdogo dakika 30, tufaha zikilainika kabisa. Saga kwenye blenda ikishapoa kidogo, kisha pitisha kwenye chujio ukisukuma kwa mgongo wa mwiko. Hatua ya kuchuja ni ya kuchosha, lakini bila hiyo utakuwa na chatini na si sosi. Rudisha motoni na sukari guru, koroga mara kwa mara dakika 15 hadi 20 mpaka ukipitisha mwiko chini uone sufuria kwa sekunde moja kabla haijafunika tena.

Mimina ikiwa ya moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa dakika 10. Usiionje siku hiyo ukaihukumu: siki itakupiga puani na karafuu itazidi. Iache wiki 2, ndipo ladha zishikane. Kwenye friji hukaa miezi 3.

Makosa ya kawaida ni mawili. Ukwaju ukizidi, sosi inakuwa ya bhajia. Ongeza tende na sukari guru, usiongeze chumvi. Na karafuu: za kwetu za Unguja na Pemba zikiwa mpya zina nguvu kuliko za pakiti kuukuu za Ulaya, kwa hiyo robo kijiko ni robo kweli, usirundike.

Pudini za Yorkshire na madonge ya shahamu

Pudini ya Yorkshire haina sukari, ni ya kula na nyama ya kuoka na mchuzi wa Jumapili. Mayai 4, gramu 140 za unga wa kawaida, mililita 200 za maziwa, chumvi. Hapa *usitumie* unga wenye pauda. Kinachoziinua ni mvuke, na pauda huzigeuza kuwa keki. Piga mpaka rojo liwe laini, liache dakika 30. Tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye kila shimo la trei ya mashimo 12, ingiza oveni nyuzi 225 kwa dakika 10, mpaka mafuta yaanze kutoa moshi mwembamba. Mimina rojo haraka hadi nusu ya kila shimo, lazima lilie *shaa* likigusa mafuta. Oka dakika 20 hadi 25 na usifungue mlango.

Kimila hutumika mafuta ya ng'ombe yaliyodondoka wakati wa kuoka nyama. Samli inafanya kazi vizuri kwa sababu inastahimili joto kali. Siagi haifai, huungua. Zikilala chini kama sahani, mafuta hayakuwa na moto. Zikisimama kisha zikaanguka, umezitoa mapema.

Shahamu ya figo, yale mafuta meupe makavu yanayozunguka figo za ng'ombe, Uingereza huuzwa ikiwa imekunwa kwenye boksi. Kwetu mwenye bucha atakupa kwa bei ndogo, wengine huitupa. Omba ya figo hasa, si mafuta ya tumbo wala ya mgongo. Iweke kwenye friza saa 2, menya utando, ikune kwa kikunio, nyunyizia unga isishikane, na uihifadhi ikiwa imeganda. Ubora wake ni kwamba huyeyuka ikiwa na joto kubwa kuliko siagi: donge huwa limeshaanza kushika kabla mafuta hayajayeyuka, yakiyeyuka yanaacha vijitundu, na ndiyo wepesi wake.

Madonge: gramu 100 za unga ulioutengeneza, gramu 50 za shahamu, chumvi, maji baridi vijiko 4 au 5 vya mezani. Viringa vidonge 8, viangushe juu ya mchuzi wa nyama unaochemka taratibu, funika, dakika 20. Ukifunua kuchungulia, mvuke unatoka na vinakuwa risasi.

Samaki, chipsi na njegere za kuponda

Usitafute chewa wa Atlantiki. Sangara wa Ziwa Victoria ni mweupe, hutoka vipande vipana, na hakuna atakayelalamika. Kata minofu ya unene wa sentimita 2, ikaushe kwa taulo la karatasi, ipake unga mkavu. Rojo ni gramu 150 za unga, gramu 50 za unga wa mchele, kijiko cha chai cha beking pauda, chumvi, na mililita 230 hivi za maji ya soda baridi sana, yachanganywe dakika ya mwisho. Kaanga nyuzi 180 dakika 6 hadi 8. Ganda likichubuka, samaki alikuwa na maji.

Chipsi zinataka viazi vya unga, si vile vinavyoteleza. Kenya, aina ya Shangi inafaa. Kata unene wa sentimita 1.3, osha mpaka maji yawe safi bila ukungu wa wanga, kausha vizuri. Kaanga mara mbili: nyuzi 130 dakika 8 bila kupata rangi, zipumzike, kisha nyuzi 190 dakika 3. Za mara moja huwa kavu nje na mbichi ndani.

Siki: migahawa mingi ya samaki Uingereza haitumii siki ya shayiri ya kweli, bali asidi ya siki iliyotiwa maji na rangi ya sukari iliyoungua. Kwa hiyo siki nyeupe ya dukani iliyopakwa rangi kwa matone ya sukari iliyounguzwa si mbadala wa kubahatisha, ni karibu kitu kilekile.

Kwa njegere za kuponda, loweka gramu 250 za njegere kavu za kijani usiku kucha kwenye maji mengi ya moto yenye kijiko 1 cha chai cha beking soda, suuza vizuri, pika na maji mapya mililita 600 mpaka zivunjike zenyewe. Chumvi mwishoni. Ni hesabu ileile ya magadi kwenye maharage, na kosa lake ni lilelile: ikizidi, chakula kinanuka sabuni.

Maharage ya asubuhi na soseji

Maharage ya kopo ni maharage meupe madogo kwenye mchuzi mwepesi wa nyanya. Loweka gramu 250 usiku, mwaga maji, chemsha kwa nguvu dakika 10, kisha moto mdogo mpaka yalainike *kabisa*. Ndipo utie mililita 400 za nyanya iliyosagwa na kuchujwa, kijiko cha mezani cha sukari, chumvi, vijiko 2 vya chai vya siki, chembe ya karafuu na paprika, na kijiko cha mezani cha wanga wa mahindi uliokorogwa na maji. Pika dakika 20 zaidi. Ukitangulizia nyanya, asidi yake huzuia maharage kulainika na utayapika hadi adhuhuri. Wapishi wetu wanaounga nazi wataona kishawishi cha kutia kitunguu na kuunga vizuri. Usitie. Upole wake ndio wanaoukumbuka.

Soseji za Kiingereza hutofautiana na nyingine kwa kitu kimoja: makombo ya mkate mkavu, yanayoshika maji na mafuta ndani. Gramu 700 za nyama yenye robo ya mafuta (nguruwe kwa anayekula, au ng'ombe kwa asiyekula), gramu 100 za makombo, mililita 120 za maji ya barafu, gramu 15 za chumvi, kijiko cha chai cha pilipili nyeupe, nusu kijiko cha basibasi, na majani makavu ya seji kijiko kimoja. Changanya kwa mkono mpaka nyama ishike kiganjani ukikigeuza chini. Kama huna utumbo wa kujazia, viringa kwenye unga, pumzisha kwenye friji saa 2, kaanga kwa moto mdogo dakika 20. Moto mkali huzipasua.

Chai

Aliyerudi Afrika Mashariki hana haja ya kuagiza: chai ya Kenya ni sehemu kubwa ya mchanganyiko unaouzwa Uingereza. Tofauti ni upishi. Usiichemshe na maziwa. Maji yanayotokota yamiminwe juu ya majani, dakika 4, ondoa majani, maziwa baridi mwisho. Nairobi ongeza dakika moja, kwa sababu ya zile nyuzi 94. Aliyeko Marekani avumilie birika: umeme wa volti 120 hauipi nguvu ya lile la Uingereza.

Vya kununua na kubeba

Marmite, ule mpako mweusi wa chumvi wa kupaka mkate, usijaribu kuitengeneza, inatokana na hamira ya viwanda vya bia na hakuna njia ya jikoni. Hukaa muda mrefu sana, kwa hiyo chupa kubwa moja inatosha mwaka. Uwanjani huhesabiwa kama majimaji, sawa na jamu na shira, na kwenye viwanja vingi ikizidi mililita 100 itanyang'anywa kwenye mkoba wa mkononi. Iweke kwenye sanduku, ndani ya mfuko uliofungwa. Cheddar iliyokomaa nayo ni ya kununua, na inatengenezwa Kenya pia.

Kabla ya kubeba, angalia unakoelekea. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kuingia na nyama wala bidhaa za maziwa kutoka Uingereza tangu Januari 2021, hata sandwichi ya jibini. Marekani imezuia haggis, chakula cha Uskoti, yenye mapafu ya kondoo tangu 1971, na kila chakula lazima ukitaje forodhani. Umoja wa Falme za Kiarabu hupiga marufuku mbegu za mpopi, hata zile chache zilizonyunyizwa juu ya mkate, na sheria hiyo inatekelezwa. Biskuti za digestive zifunge katikati ya nguo, zikiwa zimesimama wima kwenye pakiti yake. Chokoleti usiipakie kama utapitia Dubai au Doha mwezi wa Julai na sanduku litangoja ndege nyingine.